Sayari hazikumeguka kutoka kwenye Jua

Dhana: Dunia na sayari nyingine ni vipande vya Jua vilivyopoa.

Wataalamu wakubwa waliwahi kuamini jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 1749 Mfaransa Buffon aliandika kwamba nyotamkia iligonga Jua ikachomoa maada iliyokuja kuwa sayari. Mwanzoni mwa karne ya 20 James Jeans wa Uingereza akasema ni nyota nyingine iliyopita karibu na kuivuta maada hiyo. Mwaka 1939 Lyman Spitzer wa Marekani akapiga hesabu: gesi yenye joto la namna hiyo ingetawanyika kabla haijashikamana.

Ukweli ni kwamba Jua na sayari ni ndugu wa tumbo moja. Miaka karibu bilioni 4.6 iliyopita, sehemu ya wingu baridi la gesi na vumbi ilijikunja kwa uvutano wake yenyewe. Kadiri ilivyosinyaa ndivyo ilivyozunguka kwa kasi, ikawa bapa. Katikati likatokea Jua, likachukua zaidi ya asilimia 99.8 ya maada yote. Vumbi lililobaki liligandana, likawa mawe, kisha sayari. Ndiyo maana sayari zote nane zinalizunguka Jua kuelekea upande mmoja, karibu katika bapa moja. Na jambo hili sasa tunaliona likitokea kwingine: mwaka 2014 darubini za ALMA, huko Chile, zilipiga picha ya nyota changa HL Tauri ikiwa imezungukwa na bapa la vumbi lenye pete. Kwangu mimi hakuna ushahidi mtamu kuliko huo.

Dhana: Mlipuko Mkuu (Big Bang), mwanzo wa ulimwengu, ndio uliotengeneza sayari.

Huo ulitokea miaka bilioni 13.8 iliyopita, na karibu maada yote uliyotoa ilikuwa haidrojeni na heli tu. Chuma kilichomo ndani ya Dunia kilipikwa baadaye na nyota zilizokufa kabla ya Jua kuwapo.

Dhana: Ukanda wa asteroidi, yaani mawe yanayozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii (Jupita), ni sayari iliyolipuka.

Ukiukusanya wote hufikii hata sehemu ya ishirini ya uzito wa Mwezi. Uvutano wa Mshtarii uliyavuruga mawe yale yasiungane.

Dhana: Kila sayari ilizaliwa pale ilipo.

Hapana: dalili iko kwa Pluto, sayari kibete. Huzunguka Jua mara mbili kila Neptuni inapozunguka mara tatu, na vitu vingine vingi vya huko mbali hufuata mdundo huohuo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Neptuni ilizaliwa karibu zaidi na Jua, ikasogea nje polepole na kuvinasa njiani.