Saa Zikizunguka Mezani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wapenzi wa saa wakikutana kwa chakula cha jioni, sahani husogezwa pembeni, kitambaa laini hutandazwa, na saa huanza kupita mkono kwa mkono. Nyingi huumia hapo bila hata kuanguka. Huumizwa na mambo ambayo kila aliyeketi mezani anaamini anayajua.

Dhana: Saa ikiwa imesimama, tarehe yake unairekebisha wakati wowote

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote, nalo hutokea mezani kwa sababu saa nyingi hufika zikiwa zimesimama na kila mtu anataka kuziona zikienda.

Katika saa nyingi za otomatiki na za kutia ufunguo, mshale mfupi ukikaribia 9, yaani saa tatu usiku, kidole kidogo ndani ya mashine huanza kushika jino la pete ya tarehe. Huisukuma taratibu hadi tarehe ibadilike saa sita usiku, na huenda kisiachie mpaka karibu saa kumi alfajiri. Ukizungusha tarehe kwa njia ya haraka ndani ya muda huo, unalazimisha pete ipite juu ya kidole kilichokwisha kuingia kwenye meno. Kidole hupinda au jino hukatika, na kesho yake tarehe hukwama dirishani, nusu 14, nusu 15. Seiko 5 yenye mashine ya 7S26, ambayo ni nadra kukosekana mezani, ina siku na tarehe pamoja, hivyo kuna vitu viwili vya kuvunja.

Muda wa hatari ni ule unaoonyeshwa na saa yenyewe, wala si ule wa ukutani. Tena saa iliyosimama haikuambii kama ni usiku au mchana. Kwa hiyo fanya hivi: vuta kitufe cha pembeni hadi hatua ya mwisho, zungusha mishale mbele mpaka tarehe iruke. Hapo umejua saa imevuka saa sita usiku. Endelea mpaka mshale mfupi ufike 6, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Rudisha kitufe hatua moja, weka tarehe ya jana. Vuta tena, peleka mishale mbele mpaka tarehe ya leo itokee, kisha endelea hadi muda uliopo. Kama mnakula usiku, mshale mfupi lazima upite kwanza 12 ya mchana. Baadhi ya mashine mpya zina kinga dhidi ya kosa hili, lakini kwa saa ya mwenzako usibahatishe.

Dhana: Saa iliyoanza kukimbia imechakaa

Saa iliyokuwa ikikosea sekunde chache kwa siku ikianza ghafla kwenda mbele kwa dakika kadhaa, shuku sumaku kabla ya kumruhusu fundi aifungue. Tazama kilichopo mezani: simu yenye pete ya sumaku mgongoni, spika ndogo ya muziki, jalada la tableti, kifungo cha mkoba. Ndani ya saa kuna kamani nyembamba kama unywele, imejikunja kama dawa ya mbu ya kuchoma. Ikipata sumaku, mizunguko yake hunatana, kamani inakuwa kama imefupishwa, na gurudumu linaloyumba huenda mbio.

Isogeze karibu na dira ya kawaida. Sindano ikitikisika kufuata mapigo ya saa, jibu umelipata. Kifaa cha kuondoa sumaku si ghali: weka saa juu yake, bonyeza kitufe, na ukiwa bado umebonyeza iinue saa polepole mpaka urefu wa mkono, ndipo uachie. Wengi huachia saa ikiwa bado juu ya kifaa, kisha wanalalamika kuwa hakifanyi kazi.

Saa ya betri inaweza kusimama ikiwa karibu na sumaku, lakini kwa kawaida ukiiondoa huendelea. Kagua muda tu.

Dhana: Imeandikwa mita 30, basi unaweza kuogelea nayo

Mita 30 ni shinikizo la kipimo, saa ikiwa mpya na maji yametulia. Kwa matumizi ya kila siku maana yake ni matone ya mvua na kunawa mikono. Kwa kuogelea anzia 100. Na mipira ya kuziba huzeeka hata saa ikikaa kabatini.

Mezani hatari kubwa ni kitufe. Mtu amekivuta ili asimamishe mshale wa sekunde, amerudisha saa bila kukisukuma au kukikaza, na mwenye saa anaondoka kwenda kunawa. Ukiona ukungu ndani ya kioo, usiizike kwenye mchele. Mchele hauvuti maji yaliyofungiwa ndani ya chuma. Ipeleke kwa fundi upesi, na kama ni maji ya bahari, siku hiyohiyo.

Dhana: Mshale wa sekunde ukiteleza, saa ni halisi

Mashine ya mapigo 28,800 kwa saa hupiga mara 8 kila sekunde. Jicho huona mtelezo. Saa bandia nyingi zina mashine za aina hiyohiyo. Kinyume chake, Bulova Precisionist ni ya betri na mshale wake unateleza.

Uso wa saa nao hudanganya. Rolex zenye hanjari, ile nembo ya jambia ya Oman, usoni, zilizoagizwa kwa ajili ya zawadi enzi za Sultani Qaboos, zina bei kubwa, na ndiyo maana hanjari huchorwa baadaye kwenye saa za kawaida.

Dhana: Saa ya zamani isiyong'aa tena gizani haina madhara

Kilichokufa ni rangi inayong'aa. Radiamu yenyewe, kitu chenye mionzi kilichochanganywa kwenye rangi hiyo ili ing'ae, hupungua nusu baada ya takriban miaka 1,600, hivyo saa ya mwaka 1950 haijapoteza hata asilimia 5. Herufi T kwenye sehemu ya chini ya uso huashiria tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu zaidi na hupungua nusu kwa miaka 12 hivi.

Ikiwa imefungwa, saa ya radiamu unaweza kuishika na kuitazama. Hatari ni vumbi la rangi kumezwa au kuvutwa puani. Mfuniko wake wa nyuma haufunguliwi mezani penye chakula, na fundi huambiwa kabla hajaigusa.