Ukichukua logi, toa, usigawanye

Kati ya n^(log n) na (log n)^n, ipi inakua haraka zaidi? Kila muhula nauandika ubaoni ulinganisho huu, na kila muhula darasa linagawanyika. Huyu anapachika n = 10, yule n = 100, kisha wanabishana kwa majibu ya kikokotoo. Lakini swali halihusu namba hizo. Ukiziita fankisheni hizo mbili f na g, linauliza uwiano f(n)/g(n) unaelekea wapi n inapoongezeka bila mwisho. Ukielekea sifuri, f imeachwa nyuma. Hali hiyo Edmund Landau aliipa alama ya o ndogo mwaka 1909, wakati O kubwa, inayosema f haizidi g mara namba fulani isiyobadilika, ilikuwa imeshatumiwa na Paul Bachmann tangu 1894. Ukitulia kwenye namba chanya, fankisheni zote mbili zinakwenda sambamba.

Kupachika namba kunaweza kukudanganya kwa muda mrefu sana. Chukua ln n, yaani logi (logariti) asilia ya n, na n^0.1. Kipeo chochote chanya cha n, hata kiwe kidogo namna gani, mwishowe huipita logi. Hata hivyo, kuanzia n = 4 iliyo juu ni ln n, na inabaki juu mpaka n ikaribie 3.4 × 10^15. Mtu aliyejaribu hadi bilioni moja angeapa kwamba logi ndiyo inayoshinda. Vivyo hivyo, n^100 inaizidi 2^n kuanzia n = 2 hadi n = 996. Kwenye 997 mambo yanageuka, na hayageuki tena.

Ndiyo maana nawafundisha kuchukua logi kwanza. n^(log n) inakuwa (log n)², na (log n)^n inakuwa n·log(log n). n peke yake tayari inaiacha mbali (log n)², kwa hiyo (log n)^n ndiyo inayokua haraka zaidi. Ubishi umekwisha kwa mistari miwili.

Kuna mtego hapa, na nimeusahihisha kwenye karatasi nyingi mno kuupita juujuu. Logi hubana umbali. Linganisha 2^n na 4^n: kwa besi 2, logi zake ni n na 2n. Mwanafunzi akiziona n na 2n anakumbuka kwamba tumezoea kutupa kizidishi kisichobadilika, anaitupa ile 2 na kuandika kwamba zinakua sawa. Sivyo kabisa. Uwiano wake ni 1/2^n, na n ikiwa 20 tu umeshashuka chini ya moja kwa milioni.

Kosa liko kwenye kugawanya. Ukishachukua logi, uwiano wa f na g umegeuka kuwa tofauti, log f − log g. Basi toa. Tofauti ikishuka bila mwisho, f imeachwa. Ikibaki ndani ya mipaka, zinakwenda sambamba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni n!, yaani 1 × 2 × … × n, na n^n. Kanuni ya Stirling inasema ln n! ni takriban n·ln n − n, na ziada yake ni ndogo, ½·ln(2πn). Logi ya n^n ni n·ln n. Ukizigawanya unapata namba inayokaribia 1, na unadhani ni pacha. Ukizitoa inabaki −n pamoja na ile ziada, maana yake n^n inaizidi n! karibu mara e^n/√(2πn). Hata kwenye n = 10, 10^10 ni kubwa kuliko 10! zaidi ya mara 2,700.

Kwenye upangaji wa data kwa kulinganisha, lakini, tunachohesabu ni log n! yenyewe, kwa sababu vitu n vina mipangilio n! na kila ulinganisho una majibu mawili tu. Hapo −n inamezwa na n·log n bila madhara, na ndipo linapotoka lile sharti kwamba, katika hali mbaya kabisa, idadi ya ulinganisho haiwezi kukua polepole kuliko n·log n.

Besi nayo ina kisa kama hicho. log₂ n ni log₁₀ n mara 3.32 hivi, daima, kwa hiyo tunaandika O(log n) bila kuitaja. Ikiwa chini ya kipeo, kama kwenye 2^n na 4^n, besi ndiyo kila kitu.

Baada ya hapo huwa nawapa n na n^(1 + sin n). Tofauti ya logi zake ni sin n·log n: inapanda, inashuka chini ya sifuri, inapanda tena, na kila safari inakwenda mbali zaidi. Wengi hutafuta mshindi kwa dakika nyingi kabla ya kuthubutu kuandika kwamba hazilinganishiki.