Kabla hujapuliza dawa, geuza jani

Swali ambalo wenye bustani za nyumbani hapa Tabora huniuliza kuliko yote ni hili: "Bwana shamba, nipulizie dawa gani?" Kwanza huwaomba wageuze majani, kwa sababu mara nyingi mdudu wanayetaka kumuua ndiye anayewafanyia kazi.

Chukua mfano wa kunde ambazo machipukizi yake yamejaa vidukari weusi, au wadudu mafuta kama wengi wanavyowaita. Katikati yao utakuta mdudu mweusi au wa kijivu, asiyefika sentimita moja na nusu, mwenye miguu sita, vinundu mgongoni na pengine madoa ya rangi ya chungwa, akitambaa kama mamba mdogo. Sura yake haipendezi, na ndiyo maana hufinywa. Kumbe ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, ambaye watoto humwacha atembee kiganjani. Kabla hajawa pupa huwa amekwisha kula vidukari kwa mamia. Mayai yake ni ya manjano, yamesimama wima na kubanana chini ya jani, tafadhali msiyafute.

Mwingine anayeonewa ni buu wa nzi mwenye mistari ya njano na nyeusi, yule anayeelea hewani mbele ya ua kana kwamba ni nyuki, ingawa ana mabawa mawili tu na hana mwiba. Buu huyo hana miguu wala macho. Hupapasa huku na huku kwa kichwa, na akimgusa kidukari humnyanyua juu ya jani na kumfyonza hadi ibaki ngozi tupu.

Nyigu wajengao vyumba vya udongo ukutani nao wana faida, kwani baadhi yao huwachoma viwavi wakapooza na kuwafungia humo wawe chakula cha watoto wao. Vunjajungu nampenda, ila sifa zake zimezidi kidogo: hachagui, na katika mkoa wa asali kama wetu hula hata nyuki.

Dawa nyingi zinazouzwa madukani haziwabagui wadudu hawa. Kidukari jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai, na wakati wa joto mtoto huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi, ilhali mbawakawa huhitaji wiki kadhaa kutoka yai hadi utu uzima. Kwa hiyo vidukari wachache walionusurika hujaza kunde upya huku mlaji wao akiwa hayupo, na mwenye bustani hurudi dukani.

Kiangazi, nyasi zinapokauka, bustani inayomwagiliwa huwa kimbilio la wadudu hawa. Acha mashina machache ya giligilani na figiri yatoe maua, kwa kuwa wale nzi na nyigu wakikomaa hutafuta nekta. Wazuie pia sisimizi, ambao hulamba utomvu mtamu wa vidukari na kuwafukuza wanaowala.

Hata hivyo, mche mchanga ukiwa umejikunja na hakuna buu hata mmoja juu yake, usingoje. Wakung'ute vidukari kwa maji ya nguvu. Wakirudi, nyunyiza maji ya sabuni hafifu jioni, kwenye mche ulioathirika peke yake.