Buncheong: uji mweupe na saa ya udongo

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mfinyanzi wa chungu cha kupikia hilo halina ubishi. Ila anayetaka kujifunza buncheong, vyombo vya Korea vya udongo wa kijivu vinavyovikwa uji wa udongo mweupe, itambidi aiweke methali kando kwanza. Karibu kila pambo la buncheong lina saa yake, na saa yenyewe ni unyevu.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Bakuli zangu za mwanzo nilizipaka uji zikiwa zimeshakauka, nikalala nimefurahi. Asubuhi uji ulikuwa umebanduka vipande vipande kama chokaa ya ukuta mkongwe. Udongo ukikauka hunywea. Bakuli zilikuwa zimemaliza kunywea, uji ndio kwanza unaanza, basi wakaachana. Ukiwahi mno nako, bakuli hunywa maji ya uji na ukingo ukalala. Wakati wake ni pale kidole kikibonyeza hakizami, lakini ukucha ukikwaruza huacha mstari.

Hapo ndipo hufanyika sanggam. Hiyo ni njumu hasa, ila ya udongo ndani ya udongo: unachonga mchoro, unaujaza uji, unasubiri, kisha unakwangua uso mzima mpaka mchoro utokee safi. Wafinyanzi wa enzi ya Goryeo, ufalme wa zamani wa Korea, waliifikisha mbali kwenye vyombo vyao vya kijani katika karne ya 12. Mwishoni mwa karne ya 14 maharamia walivuruga pwani, mafundi wakatawanyikia bara, na huko, kwa udongo wa kawaida wenye chuma, buncheong ikazaliwa. Ua lililochongwa moja moja likageuka muhuri: unagonga maua mamia, unapaka, unakwangua. Njia hii huitwa inhwa. Baadhi ya bakuli hizo zina majina ya idara za serikali, kwa kuwa mwaka 1417 iliamriwa yaandikwe ili vyombo vya umma visiibwe. Nikikumbuka vikombe vya ofisini nawaelewa kabisa.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni gwiyal. Brashi ngumu ya mabua huchovywa kwenye uji, gurudumu likazungushwa, mkono ukapita mara moja. Kila bua huacha njia yake, na kijivu huchungulia katikati. Ukirudia kurekebisha, umeharibu. Deombeong ni kuchovya chombo kizima tu. Cheolhwa ni kuchora kwa rangi ya chuma juu ya weupe, na samaki waliochorwa kwenye majoko ya chini ya mlima Gyeryong wana uhai ambao sijauona kwingine.

Vita vya 1592 hadi 1598, Japani ilipoivamia Korea, viliifunga enzi hiyo. Wafinyanzi wengi walichukuliwa Japani, na Korea yenyewe ilishaelemea kaure nyeupe. Hata jina buncheong ni la juzi: msomi Ko Yu-seop ndiye aliyelibuni katika miaka ya 1930.

Wa leo wanaoniamsha ni wawili. Yoon Kwang-cho, aliyezaliwa 1946, aliacha gurudumu akawa anajenga kwa mabamba ya udongo. Vyombo vyake vina pembe, vimepinda, uji umemiminwa na kukwaruzwa. Kimoja amekichora maneno ya Sutra ya Moyo, andiko la Kibudha, kote ubavuni, yamesongamana kama mvua. Hanakili bakuli la mtu yeyote wa karne ya 15, na ndiyo sababu namwamini. Vyombo vingi vinavyouzwa sasa kwa jina la buncheong ni mfagio mmoja wa weupe juu ya kijivu, basi.

Lee Kang-hyo, wa 1961, alijifunza kwanza onggi, mitungi mikubwa ya kuchachishia kimchi na soya. Humwagia mitungi hiyo uji kwa mikono, wakati mwingine ngoma zikipigwa, kisha huuburuza kwa vidole ungali maji. Bakuli langu lingelala chini kwa maji kiasi hicho. Kuta nene za onggi husimama. Nikikutana na picha ya mtungi wake, macho yangu huenda kwanza kwenye zile njia za vidole, nione ni wapi uji ulikuwa umeanza kushika naye bado anavuta.