Zege bovu si saruji iliyoibwa peke yake

Sakafu ya darasa jipya inapoanza kumeguka, watu wengi wa Lindi na Mtwara husema moja kwa moja kwamba saruji iliibwa. Wizi huo upo na unaumiza, lakini mifuko yote inaweza kutumika na zege likawa bovu vilevile. Mfuko wa kilo 50 huhitaji takriban lita 25 za maji. Fundi akiongeza ndoo nzima ili zege limwagike kwa urahisi, maji ya ziada huacha vitundu vinavyolidhoofisha. Mchanga wa ufukweni usiooshwa nao huleta chumvi inayokula nondo ndani kwa ndani.

Rushwa inayonitia hofu zaidi ni ile ya karatasi: vipande vya zege vya majaribio, ambavyo hupondwa siku ya 7 na ya 28 ili kupima nguvu ya zege, hutengenezwa kwa mchanganyiko mzuri uliokorogwa pembeni, kisha msimamizi akasaini matokeo ya zege ambalo hakuliona likimwagwa. Kwa hiyo kamati ya ujenzi isiishie kuhesabu mifuko stoo. Iwepo siku ya kumwaga, na ione vipande hivyo vikijazwa zege lilelile linaloingia kwenye msingi.