Ujerumani haidaiwi na NATO

Mtaani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kila nyumba hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi za ulinzi shirikishi. Zinanunua betri za tochi, filimbi na kahawa ya vijana wa doria, basi. Geti, kufuli na taa ya nje kila mtu anajigharamia. Mwenye duka la jumla pale kona ana mlinzi wake na taa inayomulika hadi uani kwetu. Yeye hatutozi kitu, ila kila kikao lazima atukumbushe.

Nimefundisha bajeti za ulinzi miaka mingi, na mfano wa NATO, ule umoja wa kujihami wa Marekani, Kanada na nchi za Ulaya, ulio bora kuliko huu sijaupata. Juzi barazani mzee mmoja, kashata mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, hivi Mjerumani keshalipa lile deni?" Alikuwa anakumbuka maneno ya Trump ya Machi 2017, kwamba Ujerumani inadaiwa fedha nyingi na NATO.

"Deni halipo, mzee wangu."

Mfuko wa pamoja upo, wa kuendesha makao makuu ya Brussels, kamandi na baadhi ya miundombinu ya kijeshi. Kila nchi hupangiwa fungu kwa ukubwa wa uchumi wake. Marekani ilikuwa ikibeba zaidi ya 22%. Mwaka 2021 ikashuka hadi karibu 16%, sawa na Ujerumani. Lakini mfuko mzima haufiki hata 1% ya matumizi ya ulinzi ya wanachama wote. Hizo ndizo betri za tochi.

Ile 2% ya pato la taifa ambayo wanachama waliahidiana Wales mwaka 2014 kuitumia kwa ulinzi ni kufuli na geti: mishahara ya askari, vifaru, hata pensheni za wanajeshi wastaafu. Haipelekwi Brussels wala Washington. Kila nchi inatumia kwake, hivyo isiyofikisha haidaiwi na mtu. Mwaka ule nchi 3 tu zilifikia kiwango hicho. Juni 2025, mjini The Hague, lengo likapandishwa hadi 5% ifikapo 2035: 3.5% ya jeshi lenyewe, 1.5% ya mambo ya kando kama barabara na usalama wa mitandao. Hiyo 1.5% mimi naitilia shaka. Italia kulishazuka mjadala kama daraja la Messina, la kwenda Sicilia, nalo lihesabiwe ulinzi!

Na asilimia zenyewe hazisemi yote. Ugiriki inavuka 2% miaka nenda rudi, sababu kubwa ikiwa hofu yake kwa Uturuki, mwanachama mwenzake. Denmark, wakati ikiwa chini ya 2%, ilipoteza askari zaidi ya 40 Afghanistan, nayo ni nchi isiyofika watu milioni 6 wakati ule.

Mzee akapiga funda la kahawa. "Kama yule mjane wa nyumba ya pili. Wanawe wawili ndio wanaolala nje na filimbi."

Kwenye daftari la mjumbe, mama huyo anadaiwa miezi minne.