Thaler ya 1780 si lazima iwe ya 1780

Jamani, kila wiki lazima mtu aposti ile thaler, yaani sarafu ya fedha ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, mama mnene kajitanda shela kichwani, na maelezo "ya mwaka 1780, bei maelewano". Tulia kwanza. Malkia alifariki Novemba 1780 ila sarafu yake iliendelea kupigwa na mwaka uleule, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Ethiopia walishaizoea hiyo sura na nyingine hawaitaki, hata Zanzibar karne ya 19 ilikuwa ndo pesa ya biashara. Ikapigwa Vienna, Roma kuanzia 1935 enzi za Mussolini, London, Bombay, na Vienna wanaipiga mpaka leo. Sasa kuna wanaosema angalia herufi S.F. chini ya kifua, ni za maofisa wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, Schöbl na Faby, kwa hiyo orijino. Hapana bwana, walizikopi nazo! Wajuzi wanahesabu lulu za bruchi (pini ya urembo kwenye nguo yake) na manyoya ya mkia wa yule ndege tai wa upande wa pili. Ya juzijuzi thamani yake ni madini ya fedha tu, kama gramu 23 hivi, basi.